Kujifunza Kihindi Ukubwani

Hotuba iliyotolewa ukumbini siku ya maadhimisho ya hekalu letu

 

Kamati imenitaka niseme juu ya lugha. Mimi si mwalimu. Elimu yangu iliishia kidato cha nne, na umri wangu uliobaki nimeutumia katika mizani, misumari na mabati. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu mmekuwa mkipita dukani kwangu Masasi na kunikuta nimeinamia daftari la mistari kama mtoto wa darasa la kwanza, naandika herufi moja mara ishirini, huku mteja akisubiri chenji yake.

Jirani yangu, fundi wa baiskeli, Mmakonde wa Newala, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza ninaandika nini. Nilipomwambia kwamba najifunza Kihindi alicheka hata akaweka spana chini. "Mzee," alisema, "tangu lini samaki akafundishwa kuogelea?"

Nilimwelewa. Katika Kiswahili cha mitaani kila lugha inayotoka kinywani mwa Mhindi huitwa Kihindi. Kigujarati cha nyumbani kwangu ni Kihindi, Kikachi cha majirani zetu Makhoja ni Kihindi, na Kipunjabi cha Singasinga ni Kihindi vilevile. Nikamjibu fundi kwamba wapo watu Dar es Salaam ambao kwao kila mtu wa kusini ni Mmachinga, awe Mmakonde, Mmakua, Myao au Mmwera. Hapo akaacha kucheka, akaniuliza kwa upole Kihindi chenyewe ni kipi, na mimi ni mtu wa lugha gani hasa.

Swali hilo lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Kizazi changu kilianza shule wakati Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, mwaka 1967. Sikupata darasa hata moja la Kigujarati. Herufi zake nilifundishwa na bibi yangu mzaa baba, akitumia daftari la wadaiwa la duka letu, kwa kuwa ndilo andiko la Kigujarati lililokuwa karibu. Ndiyo maana mpaka leo nasoma haraka zaidi majina ya watu na kiasi wanachodaiwa kuliko nisomavyo sala. Kisha ukaja mwaka 1971 na sheria ya kutwaa majengo, na familia nyingi za nyanda hizi zikafunga mizigo, nyingine zikaenda Dar es Salaam, nyingine Uingereza na Kanada. Sisi tuliobaki tulikuwa wachache mno kuweza kuajiri mwalimu. Kigujarati kikarudi jikoni. Ama Kihindi chenyewe, kwetu kilikuwa lugha ya filamu na ya nyimbo, kitu cha kusikiliza.

Na humu ndani ya hekalu? Nisameheni nikisema jambo ambalo sote tunalijua na hatulisemi. Kila jioni tunaimba Om Jai Jagdish Hare, ambayo ni ya Kihindi. Kila Jumanne wapo wanaosoma Hanuman Chalisa kwa moyo tangu mwanzo hadi mwisho, na hiyo si ya Kihindi cha leo hata kidogo, ni ya Kiawadhi, lugha aliyoitumia Tulsidas. Tunaziimba kwa sauti nzuri. Nimewauliza watu kumi miongoni mwetu maana ya ubeti wa tatu wa aarti tunayoiimba kila siku, na sitasema hapa nilipata majibu gani. Mnamkumbuka yule kijana wa Kitanzania, Kili Paul, aliyejulikana duniani kwa kufuatisha midomo nyimbo za filamu za Kihindi, hata Ubalozi wa India Dar es Salaam ukamtunuku mwezi Februari 2022 na Waziri Mkuu Modi akamtaja redioni pamoja na dada yake Neema. Watu walishangaa kwamba mtu aweza kuyatamka maneno vizuri namna ile bila ya kuwa na lugha. Mimi sikushangaa. Nilifikiri: huyu angefaa kujiunga na kwaya yetu ya bhajan, maana afanyalo yeye ndilo tufanyalo sisi, ila yeye analifanya vizuri zaidi.

Sasa nataka kuwasimulia jambo lililonipata mwaka 2013. Nimelisita sana, kwa kuwa mke wangu yupo hapa na hata yeye hakulisikia lote mpaka juzijuzi.

Mwaka ule nilimpeleka mama yangu India kwa matibabu. Wengi wenu mmeifanya safari hiyo: basi mpaka Dar es Salaam, ndege usiku, kisha hospitali ambayo ukubwa wake ni kama mji wa Masasi uliopangwa ghorofa juu ya ghorofa. Tulikuwa Delhi. Mama alizaliwa Newala. Alijua Kigujarati, Kiswahili, na Kimakonde cha kupatana bei ya mihogo bila kuhitaji msaada wa mtu, Kihindi hakukijua. Mimi nilijidanganya kwamba ninakijua, kwa kuwa nilikuwa nimeangalia filamu nyingi. Na kweli, kwa siku tano za mwanzo mambo yalikwenda. Niliagiza chai, nilielewa habari za malipo, nilitikisa kichwa mahali panapostahili.

Siku ya sita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la korido. Mhudumu wa wodi, binti mmoja mwenye haraka, akatoa kichwa mlangoni akaniambia maneno manne: "Maji ne bulaya hai." Maji, kama mjuavyo, si maji ya kunywa, ni neno la heshima kwa mama mzee. Nikaelewa kwamba mama ameitwa, yaani amepelekwa kwenye kipimo. Nikamshukuru. Nikakaa. Nikanunua gazeti la Kiingereza nikalisoma lote hadi matangazo ya ndoa. Ilipita kama saa nzima ndipo nikaingia kuangalia kama amerudishwa.

Alikuwa kitandani pake, hakuwa ametoka. Akanitazama akasema kwa Kigujarati, "Nilikuita." Nikamwambia sikuambiwa. Akasema, "Nilimwambia yule binti, mara dikra ne bolavo, naye akaelewa, akatoka kwenda kukuita." Mara dikra ne bolavo, kwa wale wasiojua Kigujarati, ni kusema "mwiteni mwanangu". Nikakasirika. Nilimlaumu yule binti moyoni, nikasema watu hawa hawajali wagonjwa wanaotoka mbali. Nikamuuliza mama alikuwa anataka kuniambia nini. Akasema imempita. Tulirudi nyumbani, akaishi miezi minne, na nilimuuliza mara mbili tatu zaidi. Kila mara alisema ameshasahau, na mama hakuwa mtu wa kusahau.

Nitalirudia jambo hilo. Kwanza niwaeleze jinsi nilivyoanza.

Nilianza kwa hasara. Tarehe 8 Novemba 2016 Serikali ya India ilitangaza kwamba noti za rupia 500 na 1,000 si fedha halali tena. Nilikuwa nazo noti chache zilizobaki kutoka safari ile, ndani ya kopo la biskuti. Mtu wa Masasi atazibadilisha wapi? Nikazitoa kuziaga. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yamekipita siku zote: kiasi cha fedha kimeandikwa kwenye noti moja kwa lugha kumi na saba. Kihindi na Kiingereza kwa herufi kubwa, na upande wa nyuma, kwenye kisanduku, lugha kumi na tano nyingine, Kigujarati kikiwamo. Nikaweka kidole kimoja kwenye Kigujarati na kingine kwenye Kihindi. Panchso rupiya. Panch sau rupaye. Noti iliyokufa ikawa kitabu changu cha kwanza cha kusoma.

Kwa yule aliyefundishwa herufi za Kigujarati hata kidogo, habari ni njema. Herufi za Kihindi, yaani Devanagari, ni ndugu wa zile zetu. Za Kihindi zimevaa mstari kichwani, zetu zimevua kofia. Nyingi utazitambua ukiondoa mstari huo; chache, kama zile za sauti kha, ja na ba, zimekataa kufanana na itabidi uzikariri. Ilinichukua wiki tatu, nusu saa kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Baada ya hapo nilisoma kila kilichoandikwa Devanagari kilichonijia: maboksi ya ubani, mifuko ya viungo, karatasi za maelekezo ya pampu za maji. Sikuelewa nusu yake. Haidhuru. Mtoto naye husoma kibao cha duka kabla ya kujua kinauza nini.

Na nyinyi vijana ambao hamkufundishwa hata Kigujarati, msiseme mmechelewa. Mlikaa darasani mkaimba ba be bi bo bu, cha che chi cho chu. Hiyo ndiyo barakhadi! Kila herufi ya Devanagari imezaliwa na irabu "a" ndani yake, na ukitaka irabu nyingine unaiongezea alama, juu, chini, kushoto au kulia. Mtu aliyejifunza kusoma kwa silabi za Kiswahili amekwisha kuufahamu mpango huo kabla hajauona. Penye ugumu ni kwenye pumzi. Kihindi kinatofautisha "bat", jambo, na "bhat", wali. "Pal", nukta ya wakati, na "phal", tunda. Wazee wetu wanazitamka sauti hizi bila kujua kwamba wanafanya kazi. Nyinyi wekeni kiganja mbele ya mdomo, na kama pumzi haikupiga kiganja mmeomba jambo badala ya wali.

Nikifika kwenye maneno, ndipo nilipopata furaha ambayo sikuitegemea. Mimi nilidhani Kigujarati ndicho kitakachonibeba. Kilinibeba, lakini nusu ya njia. Nusu nyingine nilibebwa na Kiswahili.

Mtasema mzee amechanganyikiwa. Sikilizeni maneno haya ya Kihindi: kitab, safar, khabar, hisab, dava, barf, rang, javab, saval, umr, akl, adab, duniya, taiyar, lekin. Mmoja wenu hapo mlangoni ametabasamu, ameshaelewa. Kitabu, safari, habari, hesabu, dawa, barafu, rangi, jawabu, swali, umri, akili, adabu, dunia, tayari, lakini. Kihindi hakikuyatoa kwetu wala sisi hatukuyatoa kwao. Ni maneno ya Kiarabu na ya Kiajemi yaliyopanda majahazi na misafara, mengine yakashukia pwani yetu, mengine yakaingia Delhi. Sisi tuliyavisha irabu mwishoni, kwa kuwa Kiswahili hakipendi neno linaloishia bila irabu; wao waliyaacha vile yalivyo. Kisha yapo yale ambayo kwa hakika tumeyapokea kutoka Bara Hindi, kama pesa, gari, laki, bima na chapati, na hayo fundi wangu wa baiskeli anayatumia kila siku bila kuhitaji daftari.

Lakini siku moja nikamwambia Pujari-ji, "Nina saval," naye akanisahihisha kwa upole: "Prashn." Nikaona kwamba nilikuwa nimejifunza lugha ya filamu nikaileta hekaluni. Kihindi kina maghala mawili ya maneno. Filamu na mazungumzo ya sokoni hupenda ghala la Kiajemi na Kiarabu: waqt, kitab, saval, javab, zindagi. Hekalu, hotuba na vitabu vya dini hupenda ghala la Kisanskriti: samay, pustak, prashn, uttar, jivan. Ghala la kwanza ufunguo wake ni Kiswahili, na la pili ufunguo wake ni Kigujarati, maana maneno hayo ya pili tumeyasikia kwa bibi zetu. Mtu aliyezaliwa London kwa wazazi wa Kigujarati ana ufunguo mmoja. Mtoto wa Masasi anazo zote mbili mfukoni, na mara nyingi hajui kwamba anazo.

Yapo pia maneno yanayotega. Katika Kigujarati chumvi tunaiita "mithu". Kwa Kihindi "mitha" ni kitu kitamu. Nilipokuwa Delhi niliomba mithu kwa ajili ya mchuzi wa mama nikaletewa sukari. "Jina" kwa Kihindi ni kuishi. "Dada" ni babu mzaa baba, na "mama" ni mjomba, kama ilivyo kwetu katika Kigujarati. Pujari-ji alipofika kutoka Uttar Pradesh nilimtembeza sokoni, akanisikia namwita muuza nyanya, binti wa miaka ishirini, "dada", akaniuliza kwa nini namwita msichana yule babu. Na ile ya mama kuwa mjomba, huku kwetu watu huifurahia kwa namna ya pekee. Wamakonde, Wamakua na Wayao ni watu wa ukoo wa upande wa mama. Mjomba kwao ni mtu mkubwa, kama alivyo mkubwa kwetu siku ya harusi anapokuja na zawadi zake.

Kosa langu baya zaidi lilikuwa la heshima. Kigujarati kina "tu" kwa mtoto na "tame" kwa mkubwa. Kihindi kina ngazi tatu: tu, tum, aap. Mimi niliisikia "tum", nikaona inafanana na "tame", nikaitumia kwa Pujari-ji kwa miezi miwili mizima. Kumbe "tum" ni ya rafiki wa kucheza naye karata. Hakuniambia neno. Siku nilipogundua nilikwenda kumwomba radhi, akasema alidhani hiyo ndiyo desturi ya Afrika.

Sarufi inawatisha wengi, na hapa tena Kiswahili kinatuokoa. Kihindi kina kiunganishi kinachobadilika: ka, ke, ki. "Ghar ka darvaza", mlango wa nyumba. "Bachche ki kitab", kitabu cha mtoto. Kiunganishi kinafuata kitu kinachomilikiwa, sawasawa na wa, ya, cha, la. Wageni wengine husomea jambo hilo mwaka mzima. Sisi tunalifanya tukiwa usingizini, tena kwa ngeli nyingi, na Kihindi kina jinsi mbili tu, ya kiume na ya kike. Mgujarati ndiye anayejikwaa, kwa kuwa Kigujarati kina jinsi tatu, na yale maneno ya jinsi ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike, yakivuka mpaka yanalazimika kuchagua upande. Ghar, nyumba, imekwenda kwa wanaume. Pustak, kitabu, imekwenda kwa wanawake. Usiulize sababu, andika daftarini.

Niliendelea hivyo kwa kitabu cha sarufi alichonitumia binamu yangu, ukurasa mmoja kwa siku, siku nyingine nusu ukurasa. Msimu wa mvua wa 2019, siku ambayo barabara ilikuwa mto na hakuna mteja, nilifika sura ya wakati uliopita. Kitabu kikasema hivi: katika Kihindi, tendo lenye kutendwa kitu likiwa limekwisha kutendeka, mtendaji hufuatiwa na neno dogo "ne". "Ram ne kitab padhi." Ram amesoma kitabu. Ram ndiye aliyetenda.

Nikasoma tena. Katika Kigujarati silabi hiyohiyo, "ne", huwekwa kwa mtendwa. Ukisema "Ram ne", basi Ram ndiye aliyepewa, aliyepigwa, aliyeitwa. Mara dikra ne bolavo. Mwiteni mwanangu.

Maji ne bulaya hai.

Yule binti hakuniambia kwamba mama ameitwa. Aliniambia kwamba mama anaita. Alitumwa, akatoka, akafikisha ujumbe neno kwa neno kwa lugha yake, na mimi nikamshukuru nikakaa kusoma gazeti. Nilifunga duka saa nne asubuhi siku ile. Fundi akadhani naumwa.

Sijui mama alitaka kuniambia nini. Huenda ni jambo dogo, mto umeteleza, au kiu. Mke wangu anasema ni hivyo. Miaka sita nilikuwa nimembebesha lawama mtu asiye na kosa, na kosa lilikuwa la silabi moja niliyodhani naijua. Tangu siku ile nimeacha kusema ninaelewa Kihindi kwa sababu ninakisikia.

Sitaki mdhani kwamba nimekuja kuwaambia kila Mhindi lazima ajue Kihindi. Nilikuwa na fikra hiyo mwaka wa kwanza, ikaondolewa na Mhindi mwenyewe. Ilikuwa Mtwara, msimu wa korosho. Nilikutana na mnunuzi kutoka Kollam, mji wa viwanda vya korosho katika jimbo la Kerala. Nikamwandalia sentensi ndefu ya Kihindi, jinsi zote sawa, "aap" mahali pake. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akanijibu kwa Kiswahili kizuri cha pwani: "Mzee, mimi Mmalayalam. Kihindi nilikisoma shuleni kwa hofu ya mwalimu. Tuongee Kiswahili, tufanye biashara." Tukafanya. Bunge la Katiba la India lilikipa Kihindi hadhi ya lugha rasmi ya serikali ya muungano tarehe 14 Septemba 1949, lakini wapo mamilioni kusini ambao hawajawahi kukiona kuwa chao, na mwaka 1965 Madras kulitokea ghasia na vifo kwa sababu hiyo. Sisi tuliolelewa na Kiswahili, lugha ambayo Mmakonde na Msukuma na Mgujarati wanakutana ndani yake bila kugombana, ni vigumu kulifahamu jambo hilo. Ndiyo maana hata hotuba hii naitoa kwa Kiswahili. Nikitazama ukumbi huu naona Wagujarati, Wapunjabi, ndugu wawili wa Kitamil na majirani zetu wa Kimakua, na hakuna lugha nyingine ambayo ingetufaa sote.

Na kwa wale wenye umri wangu wanaosema kichwa kimeshakuwa kigumu, nawatajia Mgujarati mmoja. Swami Dayananda Saraswati alizaliwa Tankara, Kathiawar, mwaka 1824. Wapo wazee hapa wasiokubaliana naye juu ya murti, nami simo upande wake katika hilo, lakini leo nasema juu ya ulimi wake. Alikuwa mwanachuoni aliyehubiri kwa Kisanskriti. Alipofika Calcutta, akiwa amekaribia miaka hamsini, Keshab Chandra Sen alimshauri ahubiri kwa Kihindi ili watu wamwelewe. Akakubali, akajifunza. Mwaka 1875 ukatoka Satyarth Prakash kwa Kihindi, na mwaka huohuo akaanzisha Arya Samaj Bombay, ambayo mwaka 1903 ilikwisha fika Nairobi. Lakini ninachokipenda ni dibaji ya toleo la pili. Humo amekiri wazi kwamba wakati wa toleo la kwanza Kihindi chake hakikuwa kizuri, kwa kuwa lugha yake ya kuzaliwa ilikuwa Kigujarati na ya kazi ilikuwa Kisanskriti, na sasa amekirekebisha. Mtu mkubwa kama yule alitoa kitabu chenye makosa mbele ya India nzima, akarudi akakisahihisha. Mimi kukosea mbele ya fundi baiskeli ni aibu gani?

Bado nakosea. Vitenzi viwili vinavyotembea pamoja, kimoja kikibeba maana na kingine kikibeba mwendo, vinanishinda mpaka leo. Neno "kal" kuwa jana na kesho kwa pamoja halinisumbui, maana nasikiliza kitenzi. Ila wajukuu wangu wanalionea mashaka, wanasema watu wasiotofautisha jana na kesho wanalipaje mikopo.

Tumekubaliana na Pujari-ji hivi. Kila Jumapili baada ya aarti ya jioni tutakaa barazani saa moja. Nusu saa yeye atatusahihisha Kihindi, tukianza na aarti yenyewe, ubeti kwa ubeti, neno kwa neno, na maana yake kwa Kiswahili ubaoni. Nusu saa nyingine sisi tutamfundisha yeye Kiswahili, kwa kuwa bado anaogopa kwenda sokoni peke yake. Ubao nimeununua, chaki ipo. Daftari kila mtu aje na lake. Dukani kwangu yapo, lakini sitoi bure; fundi wa baiskeli amekwisha kulipia lake.